Kitabu kizuri, kanuni mbichi: nyongeza iliyonigeuza mi DM kuwa fundi wa bure

Nyota 2 kati ya 5 kwa kitabu cha nyongeza cha Dungeons and Dragons, geimu ya mezani ambayo wachezaji wanaigiza wahusika na kurusha dadu huku mmoja, DM, akisimulia kisa na kuendesha maadui, na hizo 2 zenyewe ni za ramani na madubwana, kwenye kanuni za wachezaji ningetoa sifuri kama ingeruhusiwa. Jina la kitabu sitaji wala la kampuni, kwanza ni wachapishaji wadogo na sitaki waje kushambuliwa na watu ambao hata hawajakishika mkononi, alafu ninachokilalamikia hapa kinawahusu wengi, we badilisha jalada tu utakuta kilio ni kilekile.

Ni nyongeza ya D&D toleo la 5, ile ya kanuni za 2014. Ndani kuna matawi 6 mapya ya klasi (klasi ni aina ya mhusika, mfano mpiganaji, na tawi ni mkondo anaouchagua ndani yake), uchawi mpya kibao, madubwana, na kisa kimoja cha kuchezesha kuanzia leveli 1 mpaka 6, leveli ni ngazi ya nguvu ya mhusika. Tuko watu 5 mezani, mi ndo DM, tulichangishana tukanunua nakala ya karatasi pamoja na PDF yake. Tumekitumia sesheni 14, kwahiyo sio mtu aliyepitisha macho siku moja akaja kuandika.

Tuanze na uzuri wake maana kuponda tu sio haki. Ramani ni safi sana, ile ya kinu kibovu nimeitumia mara 3 kwenye visa tofauti na hakuna aliyeshtuka. Madubwana nayo yamefikiriwa na mtu anayependa kazi yake. Kuna kiumbe kimoja kinaishi ndani ya kengele, hakigusi mtu mpaka aseme neno kwa sauti, basi wachezaji wangu walikaa dakika 40 wakiongea kwa mikono, mmoja akawa anachora kwenye leso ya karatasi "TUTOKE", mwingine kajibana kicheko mpaka machozi, ikawa sesheni bora ya mwaka. Hizo ndo nyota 2.

Na hapo hapo kuna jambo nimelielewa baada ya kuchezesha hiki kitabu. Kitu cha DM kikiwa kimekosewa hakiumizi sana. Dubwana likizidi nguvu nalipunguzia uhai palepale nyuma ya kizuizi changu, hakuna anayejua, likiwa bovu kabisa silirudishi tena. Ila kitu cha mchezaji kikishaandikwa kwenye karatasi ya mhusika wake kimekuwa chake, kakichagua, kakitungia historia, kamchora na picha, sasa we uje sesheni ya 5 umwambie hicho kitoe, unakuwa umemnyang'anya mtu kitu mbele za watu. Kwahiyo mchapishaji kama ana muda wa kujaribu nusu tu ya kitabu, ajaribu nusu ya wachezaji. Hawa wamefanya kinyume, madubwana yamepimwa vizuri kabisa, matawi ya klasi naona yaliandikwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kiwandani.

Kuna tawi moja nitaliita la kivuli. Leveli 3 unapata vitu viwili, cha kwanza unaweza kutumia uchawi wa Shield, ngao ya ghafla inayokuongezea ulinzi, mara 2 kwa siku bure, cha pili kila mara adui aliye karibu yako akikukosa, unampiga. Basi. Ndivyo ilivyoandikwa, kila mara akikukosa unampiga, nukta. Mi nilisoma nikapita, nikajua ni riaksheni, lile tendo la kujibu nje ya zamu yako, kama kawaida, kila mtu anajua kwenye toleo la 5 una riaksheni moja tu kwa raundi (mzunguko mmoja wa zamu za wote) na vitu vya namna hiyo huwa vinaila hiyo. Jamaa yangu aliyechagua tawi akasoma vizuri kuliko mimi, akaniuliza mbele ya meza, kaka, mbona hapa haijaandikwa riaksheni? Nikaangalia, kweli haijaandikwa.

Sasa tukafika kwenye kinu, goblini 6, vijidubwana vidogo, wanatoka gizani wanamzunguka. Ana AC 16, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ndo limpate. Goblini ana +4 kwenye shambulio, kwahiyo anahitaji 12 kwenda juu kwenye d20 (dadu ya pande 20), yaani kumkosa ni 55%. Wa kwanza akapiga jumla ya 18, imeingia, jamaa akaweka Shield, AC ikaruka mpaka 21, ile ya kwanza ikageuka kukosa na sasa wote waliobaki wanahitaji 17 kwenda juu, kukosa kumepanda mpaka 80%. Na Shield inakaa mpaka mwanzo wa zamu yake inayofuata. Wakakosa wote 6. Akapiga mara 6, zikaingia 4, goblini 3 chini na wa 4 kabaki na uhai 1, na zamu yake yeye mwenyewe ilikuwa haijafika bado! Pembeni yake kakaa mwenzake mpiganaji, klasi ambayo kazi yake ni kupigana tu, leveli ileile ya 3, ana shambulio 1 kwa zamu. Zamu yake ilipofika akarusha dadu, akakosa, akasema "aya, endeleeni", akachukua simu.

Hiyo simu ndo kipimo changu siku hizi. Watu wakisikia balansi wanadhani tunaongelea namba, nani katoa damage nyingi, utadhani ni ligi. Wala. Hawa ni kundi moja, goblini wakifa wamefaidi wote. Tatizo ni yule aliyekuja Jumamosi, kaacha shughuli zake, kakaa masaa 4, na kila akitaka kufanya kile ambacho mhusika wake ndo fundi wake anakuta kuna mtu kashafanya mara 6, tena bila kupanga. Mi naweza kuongeza maadui mpaka wafike 20 lakini ndo kwanza namwongezea yule wa kivuli watu wa kukosa, na nikileta mmoja mkubwa asiyekosa basi mpiganaji ndo anakuwa wa kwanza kulala chini. Nilihangaika na hesabu hizo wiki 2 nzima kabla sijakubali kwamba shida sio mapambano yangu.

Dawa yake ilikuwa maneno manne. "Kwa kutumia riaksheni yako." Ungeyaweka hayo, jamaa anapiga mara 1 tu kwa raundi, na lazima achague aweke Shield au apige, hawezi vyote maana Shield nayo inakula riaksheni, na ghafla una tawi tamu kabisa lenye uamuzi wa kufanya kila raundi. Yaani wazo lenyewe ni zuri! Ndo maana linaniuma. Na usiniambie hili ni la kukamua kanuni, kwamba mchezaji kachanganya vitabu 7 akatafuta upenyo. Hakuchanganya chochote. Shield imo kwenye kitabu kikuu, na wao wenyewe ndo wamempa hiyo Shield kwenye aya iliyo juu ya hiyo hiyo. Mtu yeyote angekaa na hilo tawi mezani jioni moja, goblini 6, dadu na chai, angeliona.

Nikawaandikia. Walijibu baada ya siku chache, kwa upole sana niseme ukweli, kwamba asante kwa maoni, tunakumbusha kwamba DM ndiye mwenye neno la mwisho kwenye meza yake na yuko huru kubadilisha chochote kisichomfaa.

Hapo ndo nilichoka. Hii kauli ya DM ana neno la mwisho ni kweli na naipenda, ipo kwenye hizi geimu tangu zamani, ndo inayozitofautisha na geimu za kwenye kompyuta. Lakini iliwekwa imlinde DM, haikuwekwa imlinde muuzaji. Ni kama umepelekewa gauni lililoshonwa mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, ukilalamika fundi anakwambia si una mkasi nyumbani. Mkasi ninao ndiyo! Ila nilikulipa wewe ili nisikate. DM anaponunua kanuni za nyongeza hanunui mawazo, mawazo tunayo mpaka yanamwagika, mtu yeyote mezani kwangu anaweza kukutungia tawi la kivuli kwa dakika 10. Ninachonunua ni ule muda ambao watu wengine walikaa, wakacheza, wakaona inapovunjika, wakarudi wakarekebisha. Ukiniuzia bila huo muda umeniuzia karatasi nzuri.

Alafu kuna upande wa pili ambao watu hawausemi sana. Kitu kilichozidi nguvu kila mtu anakiona, kelele zinapigwa, DM anapunguza makali, maisha yanaendelea. Kitu kilicho dhaifu kinakaa kimya. Mchezaji wangu wa tatu, dada mmoja mpole ambaye hii ilikuwa kampeni yake ya kwanza kabisa, alichagua tawi la druid (klasi ya mchawi wa porini) linaloitwa mganga wa mizizi. Michoro yake ndo mizuri kuliko yote kitabuni, yule bibi ana kikapu na mbwa mwitu anayechechemea. Uwezo wake mkubwa ni kutengeneza dawa, inachukua dakika 10 kuandaa, inarudisha uhai 1d4 (dadu moja ya pande 4), kila mtu anaweza kunywa mara 1 kwa siku. Fanya hesabu. Wastani wa 1d4 ni 2.5, kundi la watu 4 jumla inakuja 10 kwa siku, na umetumia dakika 40. Sasa druid yeyote, wa tawi lolote, ana uchawi wa Goodberry tangu leveli 1, matunda 10, kila tunda uhai 1, jumla 10. Yaani zawadi kuu ya hilo tawi ni kitu ambacho alikuwa nacho tayari, tena cha haraka zaidi.

Yeye hakujua. Alikaa sesheni 6 akidhani hajui kucheza. Aliniambia pembeni, samahani kaka, nadhani mimi sijaielewa hii geimu vizuri, labda nibadilishe niwe nawaandikia tu kumbukumbu. Nilijisikia vibaya sana siku hiyo kwasababu mimi ndo nilimpa kitabu achague. Wa kivuli nilimtengenezea suluhisho kwa dakika 5, huyu ilibidi nikae naye jioni nzima tuandike upya tawi lake, dawa ikawa ya dakika 1, ikawa inaponya 1d4 pamoja na leveli yake na kuondoa sumu, na sasa hivi ndo mhusika anayetegemewa. Ila niulize, hiyo jioni nimlipishe nani?

Wala sio wadogo tu. Wakubwa wenyewe wamepitia humuhumu, tofauti ni walichofanya baada ya hapo. Mwaka 2017 Wizards of the Coast, wenye geimu yenyewe, walitoa kitabu cha Xanathar's Guide to Everything, ndani kulikuwa na uchawi wa leveli 2 unaitwa Healing Spirit, unaweka kiroho fulani mahali, kila anayepita pale kwenye zamu anarudishiwa 1d6, na unadumu dakika 1 ambayo ni raundi 10. Watu wakagundua vita ikiisha mnapanga foleni mnapita wote 4 raundi zote 10, hiyo ni 40d6, wastani uhai 140, kwa uchawi wa leveli 2! Wakati Cure Wounds, uchawi wa kawaida wa kuponya, ukiutumia kwa leveli hiyohiyo ya 2 unakupa 2d8 na nyongeza yako, 13 hivi. Baadaye wakatoa marekebisho rasmi, kiroho kinaponya idadi ya mara sawa na 1 ukijumlisha na uwezo wako wa kichawi, kwa mtu mwenye +4 ni mara 5, wastani 17 na nusu. Marekebisho bure, yamewekwa wazi, na yakaingia kwenye kitabu kilipochapwa tena. Na upande wa udhaifu, ranja (klasi ya mwindaji) wa tawi la Beast Master la 2014, yule mnyama wake asingeshambulia mpaka ranja atoe tendo la zamu yake mwenyewe kumwamrisha, watu walilia miaka mpaka Tasha's Cauldron of Everything ya 2020 ndo ikaleta mnyama mbadala anayeeleweka. Miaka 6, na dawa ikaja ndani ya kitabu kingine cha kununua, hapo mi siwapi pongezi kamili.

Najua kuna mtu anajiandaa kuandika kwamba haiwezekani kupima kila kitu. Nakubali kabisa. Ukiwa na vitabu 10 mezani kuna jozi 45 za vitabu viwili viwili, na hapo hujaanza kuhesabu watatu watatu. Toleo la 3 lilionyesha mwisho wake, lilitoka 2000, likarekebishwa 2003, vitabu vikamiminika mpaka watu wakamtunga kobold (kijidubwana kidogo) anaitwa Pun-Pun ambaye kwa kuunganisha kanuni za hapa na pale alikuwa na nguvu zisizo na kikomo kabisa, ilikuwa ni zoezi la kichwani tu, hakuna DM angemruhusu mezani, lakini kanuni zilimruhusu. Hilo simdai mchapishaji. Kitabu cha 10 kikigombana na cha 4 hilo ni la kwangu.

Ninachodai ni kidogo mno. Kitabu chako kikae sawa na kitabu kikuu, na kikae sawa na chenyewe. Viwili hivyo tu. Ndo maana ile kampeni ya pamoja ya D&D, Adventurers League, kwa miaka ilikuwa na sheria ya kitabu kikuu jumlisha kimoja, mhusika anachota kwenye kitabu kikuu na nyongeza 1 basi, kwasababu hapo angalau mtu anaweza kuwajibika. Pathfinder, geimu nyingine ya aina hii, toleo la 2 la 2019 nao walikuja na njia yao, kila kitu kina alama ya uadimu, cha kawaida mchezaji anajichukulia, kilicho adimu lazima apitie kwa DM kwanza, na mi naona hiyo ni heshima kubwa kwa DM maana wamemwambia kabla, hiki kinaweza kukusumbua kisa chako, we amua. Hiki kitabu changu hakina hata sentensi moja ya namna hiyo. Kina kurasa 2 nzima za historia ya ukoo wa kivuli lakini hakuna mstari unaosema DM kuwa makini hapa.

Wengine watasema mbona toleo la 4 la 2008 lilikuwa linarekebishwa kila mara na watu walilichukia. Kuna ukweli, ilifika mahali kitabu cha karatasi ulichonunua hakifanani na kanuni za sasa, unakuja nacho mezani mwenzako anakwambia hiyo ishabadilishwa. Marekebisho nayo yana adabu yake. Lakini hawa wangu wamefanya kitu kibaya kuliko vyote viwili, miezi baada ya mi kuwaandikia nikapakua tena PDF kwasababu simu ilifutika, nikakuta tawi la kivuli limeongezwa riaksheni! Kimya kimya. Hakuna tarehe, hakuna namba ya toleo, hakuna orodha ya kilichobadilika, hakuna barua pepe kwa walionunua. Kwahiyo walikubali kwamba ni kosa, ila hawakutaka mtu ajue. Waliobaki na karatasi sijui wanapigana na goblini gani saa hizi. Na mganga wa mizizi yuko vilevile na dakika zake 10, bila shaka kwasababu hakuna aliyepiga kelele.

Hili litazidi sio kupungua. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la 5 ziliwekwa chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons, mtu yeyote anaweza kuandika nyongeza yake akauza, na mi nashangilia kabisa, baadhi ya vitu bora nilivyochezesha vimetoka kwa watu wawili na kompyuta yao. Ila leseni inakupa ruhusa ya kuchapa, haikupimii kanuni. Kuandika "inaendana na toleo la 5" kwenye jalada nilidhani ni ahadi, kumbe ni ukubwa wa karatasi.

Kwa anayeuliza anunue au asinunue. Kama we ni DM na unataka ramani na madubwana, chukua PDF, ile kengele peke yake inalipa. Kama ni mchezaji unayetafuta tawi la klasi, mwonyeshe DM wako kwanza, na mkisoma tafuteni kila penye "kila mara" muone kama kuna kikomo kimefuata, riaksheni, idadi kwa siku, chochote. Nimehesabu sehemu 9 kwenye kitabu hiki ambazo hazina. Karatasi msinunue mpaka wachape upya na waseme wamebadilisha nini.

Jumamosi tunaanza kampeni mpya. Mpiganaji kaomba awe wa kivuli safari hii, nimemkubalia, na riaksheni yake nimeiandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya ukurasa, chini kidogo ya maandishi ya yule dada aliyeandika "dakika 1!!" kwenye ukurasa wa bibi na kikapu.